Soksi, Jozi Moja, Kijivu

Saa mbili asubuhi, na Klaksvík bado ni usiku.
Nimepanga foleni ya mkate nyuma ya vijana wa kiwanda cha samaki
wanaonuka chumvi na kahawa.
Kwenye kaunta, Sunnuva.
"Wa shayiri au wa ngano?"
Nautazama mkono unaokunja karatasi
kana kwamba sijui kuwa usiku mkono huo huhesabu vidonge,
huvirudisha chupani, huvihesabu tena.
"Wa shayiri," nasema. Chenji naiacha.
Barabarani najiuliza: mbona nimeiacha?
Huwa siiachi.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Wahenga hawakusema kata ifanyeje
ikiishi mtaa mmoja na mtungi,
ikikutana nao kwenye bwawa la kuogelea,
wote wawili wamejifunga taulo.

Saa nne anaingia Hanus, mgane wa mwaka na nusu,
kofia mkononi, mfuko wa plastiki kwapani.
Sufu aliyoiacha mkewe kapuni
amejifunza kuifuma mwenyewe, kwa video na kwa matusi.
Kisigino kimoja kimepinda.
"Zako, Marjun. Usikatae."

Mwongozo wetu unasema zawadi ndogo, pokea;
kubwa, rudisha kwa adabu.
Hausemi sufu ya marehemu ina uzito gani.
Nikipokea, nimelipwa mara mbili?
Nikikataa, nimemzika mkewe mara ya pili?
Nikamwuliza, maana sikuwa na hekima nyingine:
"Ulipokuwa ukizifuma, ulimwona nani amezivaa?"
Alinyamaza mpaka hita ikaanza kulalamika.
"Yeye," alisema. "Halafu wewe, kwa kuwa yeye hayupo."
Tukalizungumza hilo mpaka muda ukaisha, ukapitiliza.
Mfuko akauacha kitini.
Sikumkimbilia.
Kwenye faili niliandika: soksi, jozi moja, kijivu,
zimepokelewa. Sababu:
na hapo penye sababu nikaweka nukta, nikaifuta, nikaiweka tena.

Alasiri, Bartal. Miaka kumi na sita, kucha zimeliwa hadi nyama.
Amenisimulia gati, saa tisa za usiku,
jinsi maji yalivyotulia.
"Usimwambie mama."
Mama yake ni Ranvá. Ranvá ni binti wa shangazi yangu.

Siku ya kwanza nilimwambia mtoto huyu:
mlango wangu hufungwa, lakini hauna komeo;
siku uhai wako ukiyumba nitaufungua,
nawe utaniona nikiufungua.
Aliitikia kwa kichwa, kama watoto wanavyoitikia mambo ya mbali.

Birgitte, msimamizi wangu, kwenye skrini kutoka Kopenhagen:
"Ni damu yako. Mpeleke kwa mwingine."
Mwingine yuko Tórshavn, mahandaki mawili chini ya bahari,
na orodha yake ya kusubiri inafika Aprili.
Birgitte ana haki. Aprili haina haraka.
Nikaandika barua ya rufaa,
kisha nikaandika jina la Bartal kwenye kalenda yangu, kesho saa tano,
na keshokutwa.

"Piga wewe," nilimwambia. "Mimi nipo hapa."
Simu iliita mara saba.
"Mama," alisema, kisha Kifaroe chote kikamkimbia.
Nikauma ulimi nisimkopeshe maneno yangu.
Yake yalikuja. Machache. Yalitosha.

Ranvá alifika na mabuti ya mvua, moja halijafungwa.
Alimkumbatia kwanza, kisha akaniangalia kama ndugu:
ulijua tangu lini?
Nikamjibu kama mwanasaikolojia.
Jibu hilo litaketi nasi mezani Krismasi.

Usiku Eyðun anakata mkate.
"Siku yako?"
"Mvua."
"Yule Sunnuva anaoka vizuri, ila siku hizi amekonda. Unamfahamu?"
"Huuza mkate," nasema.
Si uongo. Nautafuna polepole.

Miguu yangu ni baridi.
Soksi ziko ofisini, kwenye droo ya chini,
kisigino kilichopinda kimeangalia juu.